Muswada Ukipita Mikononi mwa Rafiki

Julai 1875, Mark Twain alimwarifu William Dean Howells, mhariri wa jarida la Atlantic Monthly, kwamba amemaliza hadithi ya Tom Sawyer. Akasisitiza kuwa si kitabu cha watoto hata kidogo. Watu wazima ndio watakaokisoma. Novemba Howells akamjibu kuwa alikesha hadi saa saba usiku akiusoma muswada. Aliusifu bila kujizuia, kisha akampinga Twain palepale alipokuwa ameshikilia: hii ni hadithi ya wavulana, na itolewe hivyo waziwazi. Akashauri pia sura ya mwisho ikatwe.

Twain hakununa. Januari aliandika kwamba hata hakuusoma upya muswada wote. Alitafuta tu alama za penseli za Howells pambizoni na kurekebisha kila zilipomwelekeza. Ni imani kubwa mwandishi kumruhusu mwenzake kiasi hicho. Tena akamwuliza juu ya neno moja la kiapo alilolitia kinywani mwa Huck, rafiki yake Tom katika hadithi hiyo, neno ambalo mkewe na wakwe zake walilisikia wakanyamaza. Howells alitaka liondoke mara moja, huku akikiri kwamba lilimpita kwa sababu aliyazoea matamshi ya namna hiyo tangu kwao magharibi. Wote wawili walikulia katika viwanda vya uchapaji, Howells huko Ohio na Twain huko Hannibal, Missouri, mbali na waungwana wa Boston waliolisoma jarida hilo.

Uangalifu wa Howells haukuwa woga mtupu. Mwaka 1869, akiwa msimamizi wakati mhariri mkuu yuko safarini, jarida lilichapa makala ya Harriet Beecher Stowe kuhusu ndoa ya mshairi Lord Byron, na wasomaji wengi wakajitoa. Alijua gharama ya kuwaudhi. Hata hivyo, naamini neno lile lilikuwa haki ya Huck, na kulifuta kulimpunguzia mtoto yule ukali wake.

Ukitoka hapo ukaja pwani yetu katika karne hiyohiyo, utawakuta waandishi wanaoandikiana kwa utaratibu mwingine kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, alirushiana tungo na washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi, wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama. Shairi lilivuka bahari, likasikilizwa barazani, likajibiwa kwa bahari ileile ya ushairi. Hapakuwa na mtu wa kati mwenye penseli. Kosa la kina au la mizani lilionekana na kila mwenye sikio, na mpinzani ndiye aliyelitangaza. Mashairi ya Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yaliendeleza desturi hiyo: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wasomaji wote wakishuhudia.

Naiheshimu sana njia hii. Inamfanya mshairi aogope uzembe, na inaweka sheria ya sanaa mikononi mwa umma. Lakini malumbano humkuta mtu akiwa tayari amesema. Yanaweza kukufundisha kujitetea. Ni nadra kukufundisha kufuta. Twain angejibizana na Howells hadharani juu ya nani asome Tom Sawyer, sidhani kama angekubali kushindwa. Alikubali kwa kuwa barua ilimfikia yeye peke yake, kutoka kwa mtu aliyemsifu kabla ya kumkosoa.

Shaaban Robert naye alituachia barua, alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958. Ulenge alizitunza kwa miaka mingi hadi zikawa kitabu, na kwa kazi hiyo tuna deni kwake. Ila Ulenge alikuwa ndugu, na barua hizo hubeba mzigo wa undugu: familia, riziki, mashaka ya kazi. Howells alibeba urafiki pamoja na mamlaka ya kuchapa au kutochapa, na mchanganyiko huo ndio unaozipa barua zake uzito wa pekee kwa mtu anayetaka kujua kitabu hutengenezwaje. Ningependa kusoma barua ambazo wahariri wa Mambo Leo waliwaandikia washairi wao kabla ya shairi kutoka: ubeti upi uliombwa upunguzwe, na mshairi alikubali au alikasirika. Kama zipo sandukuni mwa mtu Tanga, Mombasa au Unguja, zifunguliwe kabla mchwa hawajazifikia.