Ng'ombe Aliyesahaulika: Historia ya Biogesi kwa Jirani Zetu wa Kenya

Wewe unayejifunza Kiswahili bila shaka umekwisha kukutana na maneno yanayotaja kile kinachosalia baada ya watu kupika na kula. Makombo ni chakula kilichobaki sahanini. Ukoko ni wali ulioganda na kuungua chini ya sufuria. Machicha ni nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Maganda ni ya ndizi, ya mihogo, ya machungwa. Lugha haitofautishi vitu kiasi hicho kama wenyewe hawavijali. Hata hivyo, biogesi ilipoingia Afrika Mashariki, wengi waliiita gesi ya samadi, na jina hilo likatufungia macho kwa muda mrefu.

Nalijua hilo kwa aibu. Katika shule niliyofundisha mwanzoni, si mbali na mpaka wa Namanga, tulijengewa mtambo wa biogesi nyuma ya jiko. Kwa miezi kadhaa tuliulisha samadi ya ng'ombe wa shule, ukawaka vizuri. Kisha mimi, niliyekuwa mlezi wa klabu ya mazingira, nikatoa wazo: kwa nini tunatupa makombo ya wanafunzi mia kadhaa? Tangu siku hiyo ndoo za ugali na maharage zilimiminwa mtamboni asubuhi na jioni, nzimanzima. Wiki ya kwanza gesi iliongezeka, nami nikajiona mtaalamu. Wiki ya tatu moto ulizimika. Gesi ilitoka, lakini haikushika kiberiti, na harufu ya uchachu ilienea hadi madarasani. Mpishi wetu, mama mtu mzima, aliinama kwenye shimo, akanusa, akaniambia, "Mwalimu, hili dude lenu limevimbiwa."

Tulirudi kwenye kuni. Fundi aliyetujengea alikuwa amejifunzia kazi yake upande wa Kenya, na ni yeye aliyenisimulia mambo yaliyonifanya niitafute historia hii.

Inaanza mwaka 1957, Kenya ikiwa bado koloni la Uingereza. Mkulima wa kahawa, Tim Hutchinson, alijenga mtambo wa kwanza wa biogesi nchini humo katika shamba lake. Alipoanza kuwajengea wengine kibiashara, bidhaa aliyoitangaza zaidi haikuwa gesi bali tope linalotoka mtamboni, ambalo ni mbolea nzuri sana. Gesi ilikuwa kama nyongeza anayopewa mnunuzi. Kati ya mwaka 1960 na 1986 kampuni yake iliuza mitambo midogo zaidi ya 130 na mikubwa 30. Si mingi kwa nchi nzima, na bei yake haikumfikia mkulima wa kawaida.

Miaka ya 1980 Wizara ya Nishati ya Kenya ilishirikiana na shirika la Ujerumani la GTZ kueneza teknolojia hiyo, wakianzia Meru. Mitambo ya wakati huo ilifunikwa kwa pipa la chuma linaloelea na kupanda kadiri gesi inavyojaa. Chuma kilikuwa ghali, nacho kilishika kutu. Baadaye umaarufu ukahamia kwenye kuba la matofali lililofukiwa ardhini, na hapa Watanzania tuna haki ya kujivuna kidogo: muundo ulioboreshwa katika kituo cha CAMARTEC, Arusha, ulivuka mpaka, na Wakenya wakaurekebisha wakapata muundo wao wanaouita KENBIM. Mwaka 2009 ulianza mpango mkubwa uliofadhiliwa na Uholanzi, uliozihusisha Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika, na maelfu ya familia za wafugaji zikajengewa mitambo.

Utaona kwamba kwa miaka hamsini mjadala ulihusu tangi. Liwe la chuma au la matofali? Lielee au lizikwe? Kuhusu chakula cha hilo tangi hapakuwa na mengi ya kubishania, maana jibu lilikuwa samadi. Nayo samadi haidai maandalizi makubwa, kwa sababu ng'ombe amekwisha kuiandaa. Ameyatafuna majani, akayacheua na kuyatafuna tena, akayaloweka tumboni katika joto lisilobadilika, akayachanganya na bakteria walewale ambao mtambo unawahitaji. Ng'ombe ndiye mtambo wa kwanza. Tangi letu linamalizia tu.

Lakini ng'ombe hafanyi kazi bure. Sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika majani amekwisha kuitumia yeye. Ndiyo maana kilo moja ya makombo, yakiandaliwa vema, hutoa gesi mara kadhaa kuliko kilo moja ya samadi. Anayetaka faida hiyo lazima akubali kuifanya kazi ya ng'ombe kwa mikono yake.

Mfano mkubwa wa kazi hiyo uko Naivasha, katika shamba la Gorge, panapolimwa mboga za kuuzwa nje. Mabaki ya mboga yalikuwa mzigo kwa wenye shamba. Ukajengwa hapo mtambo wenye uwezo wa zaidi ya megawati 2, unaolipatia shamba umeme, na ule wa ziada huuzwa katika gridi ya taifa. Tope hurudi shambani kuwa mbolea, kama alivyopenda Hutchinson. Katika mitambo ya namna hiyo mabaki hukatwakatwa kwanza, yakaanza kuvunjikavunjika katika tangi la awali, ndipo yapelekwe kwenye tangi kuu la methani, ambalo hupashwa joto. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wake si wa mchezo, na bakteria wa methani hulegea kwenye baridi.

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mpishi wetu. Ndani ya mtambo mna makundi ya bakteria. Baadhi huvunja wanga na kutoa asidi, nao hufanya kazi upesi. Wengine huigeuza asidi hiyo kuwa methani, nao huenda polepole. Ugali ulipomiminwa kwa wingi, wa kwanza walishiba wakazalisha asidi kupita kiasi, wa pili wakashindwa kuimaliza, na asidi ikawadhoofisha. Kilichobaki kutoka kilikuwa zaidi hewa ya ukaa, na hiyo haiwaki.

Fundi alituzuia kuulisha mtambo chochote kwa wiki mbili, kisha tukaanza upya kwa samadi na maji, pamoja na chokaa kidogo ya kupunguza ukali wa asidi. Makombo yalirudi baadaye, safari hii kwa masharti: mifupa na maganda ya machungwa yanatengwa, yanayosalia yanatwangwa yawe uji, yanalowekwa usiku kucha, na kila ndoo moja inachanganywa na ndoo tatu za samadi. Mpishi alijitwalia mamlaka ya kupima ndoo, akatunyang'anya sisi walimu ufunguo wa kifuniko. Moto wa buluu ulirudi jikoni katika wiki ya saba.