Ua la Usambara Katika Madirisha ya Ulaya

Sisi tukaao Korogwe twaiona milima ya Usambara kila kukicha, bali ni wachache walioliona ua lake lililokwisha kuzunguka dunia. Ni ua dogo. Majani yake manene yenye malaika hulala duara juu ya mwamba, penye kivuli na unyevu. Maua yake ni ya rangi ya urujuani, yenye kiini cha manjano. Wengine huliita dughulushi. Katika wilaya ya Korogwe huota katika misitu ya Ambangulu.

Bwana Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kidachi katika Tanga (naye alijua Kiswahili, hata akatoa kitabu cha kukifundisha mwaka 1890), aliliona ua hilo mwaka 1892, akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akamwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, mjini Hannover. Naye mwaka 1893 akaliandika katika elimu ya mimea, akaliita Saintpaulia ionantha, kwa jina la jamaa ile. Jina la wenyeji halikuingia. Tangu mwaka 2015 wataalamu wamelihesabu katika jamii ya Streptocarpus, lakini wauza maua wangali wakilitaja kwa jina la kwanza.

Basi, ua la nchi ya joto liliishije penye theluji? Watu wa Ulaya wana desturi ya zamani: baridi ikikaribia hukata vichipukizi vya maua ya bustani, huvitia udongoni katika vyungu hata vikatoa mizizi, na kuviweka nyumbani karibu na dirisha mpaka baridi iishe. Ua letu lilikaribishwa katika desturi hiyo, likafaa kuliko mengine, kwa kuwa limezoea kivuli. Tena halihitaji kichipukizi. Jani moja lenye kikonyo chake likichomekwa katika mchanga wenye unyevu, baada ya majuma machache hutoa mizizi, na baadaye watoto huchipuka chini yake, wa rangi ile ile ya mama. Nasi tupandao muhogo kwa vijiti na viazi kwa marando hatuoni ajabu. Ila kwa jani tu, hilo ni ajabu kidogo.

Kwa njia hiyo jirani alimpa jirani. Katika miaka ya 1920 bustani moja ya Los Angeles ilipata mbegu kutoka Ulaya, ikachagua aina 10 zilizo bora. Na mwaka 1946 Wamarekani wakaanzisha chama cha wapenda ua hili.

Sisi tulijaribu kulipanda Handeni. Huko adui si baridi, ni jua la kiangazi. Majani ya kwanza yalioza, kwani tuliyamwagia maji mengi kama mchicha. Ya pili tuliyaweka ndani, kando ya mtungi, tukayanywesha kidogo chini tu, mawili yakazaa.

Lakini mwituni ua hili halina chungu wala dirisha. Kivuli chake ni mti. Mti ukikatwa, mwamba hukauka, na ua hufa. Hifadhi ya Amani iliwekwa mwaka 1997, nayo inalinda sehemu ya misitu hiyo. Kwingine, mahali pengi mashamba yamekwisha kufika hata kwenye miamba.