Jinsi uharibifu wa gari unavyopimwa ndani ya kompyuta

KUPIMA uimara wa gari kwa kuligongesha ukutani ni kazi ghali, kwa kuwa gari likishabondeka halifai tena kwa jaribio jingine. Ndiyo sababu watafiti hutumia pia programu za kompyuta zinazoiga uendeshaji, ambamo gari moja huweza kuvunjwa mara elfu na kurejeshwa likiwa zima.

Katika programu hizo, uharibifu hupimwa kwa vihisi pepe. Hivi si vyombo vya kushikika, bali ni maagizo ya kompyuta yanayosoma hali ya gari na kuieleza kwa tarakimu.

Mfano ni BeamNG.tech, programu ya utafiti iliyotokana na mchezo wa BeamNG.drive, ambao kampuni moja ya Bremen, Ujerumani, ilianza kuutoa mwaka wa 2013. Humo, gari ni kiunzi cha nukta zenye uzito zilizounganishwa kwa mihimili inayonyumbuka kama springi. Kompyuta hukokotoa nguvu zinazoikumba mihimili hiyo mara 2,000 kila sekunde. Nguvu ikipita kiwango fulani, mhimili hupoteza umbo lake. Ikizidi zaidi, hukatika. Kihisi hujumlisha madhara hayo na kubainisha sehemu zilizoathirika.

CARLA, programu iliyozinduliwa mwaka wa 2017 kwa utafiti wa magari yanayojiendesha, hufuata njia nyingine. Kihisi chake cha mgongano huarifu gari limegonga nini na kwa msukumo wa kiasi gani, bila kupima mbonyeo wa bodi. Kwa hivyo, vipimo vya programu hizi mbili havilinganishwi moja kwa moja.

Ikumbukwe kuwa uharibifu wa gari si kipimo cha majeraha. Sehemu ya mbele ya gari la kisasa huundwa makusudi ibondeke ili ipunguze makali ya kishindo kabla hakijamfikia abiria. Hivyo basi, gari lililoharibika zaidi huenda ndilo lililomlinda dereva wake. Mtafiti anayejali uhai hana budi kusoma pia kihisi kinachoonyesha jinsi kasi ilivyokatika ghafla, kisha alinganishe matokeo yake na yale ya gari halisi lililogongeshwa. Pasipo ulinganisho huo, tarakimu za kompyuta hubakia makisio tu.