Metaanalisisi

Metaanalisisi (pia: uchambuzi wa meta) ni njia ya takwimu ya kuunganisha matokeo ya tafiti kadhaa zilizouliza swali moja, ili kupata jibu lenye uhakika zaidi. Jina hilo lilibuniwa na Mmarekani Gene Glass mwaka 1976. Hufundishwa kwa wanafunzi wa tiba, uuguzi na biolojia.

Mfano wa kufundishia

Mfano ulio karibu na wanafunzi wa Afrika Mashariki ni tohara ya wanaume na VVU. Majaribio matatu yaliyochapishwa kati ya 2005 na 2007 yalihusisha wanaume 11,054. Katika kila jaribio waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yanayokaribiana kwa ukubwa: moja lilitahiriwa mapema, la pili lilisubiri. Walioambukizwa walikuwa:

* Orange Farm (Afrika Kusini): waliotahiriwa 20, waliosubiri 49
* Kisumu (Kenya): waliotahiriwa 22, waliosubiri 47
* Rakai (Uganda): waliotahiriwa 22, waliosubiri 45

Hatua

Idadi hizi hazijumlishwi tu. Kwanza hutafutwa uwiano wa hatari wa kila jaribio peke yake, ili watu wa Kisumu walinganishwe na wenzao wa Kisumu. Kisha kila jaribio hupewa uzito: lenye uhakika zaidi huhesabiwa zaidi. Mwisho hupatikana wastani wenye uzito, na huchunguzwa kama matokeo yanaafikiana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa 38% hadi 66% katika miezi 24.

Mipaka

Metaanalisisi haiwezi kuponya tafiti mbovu. Tafiti zisizoonyesha faida mara nyingi hazichapishwi, hivyo wastani unaweza kupotosha. Majaribio haya matatu nayo yalisimamishwa kabla ya muda wake, jambo linaloweza kukuza faida kuliko ilivyo.

Matumizi

Machi 2007 WHO na UNAIDS zilipendekeza tohara iongezwe kwenye njia nyingine za kinga. Tanzania ilianzisha huduma ya tohara ya hiari katika mikoa yenye wanaume wachache waliotahiriwa, ukiwemo Katavi, ambao makao makuu yake ni Mpanda. Kupunguza hatari si kuiondoa: aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu, na majaribio haya hayakuthibitisha kwamba mwenzi wake wa kike analindwa.