Farasi Waliofia Kingaru

Tarehe 21 Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, akiwa juu ya farasi. Alikuwa na farasi wawili. Mmoja, wa Kiarabu, rangi ya kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Alikwisha kuonywa kwamba bara kuna mbung'o na farasi hawatadumu. Akavuka Mto Kingani, ndio Ruvu yetu ya leo, akapiga kambi Kingaru, na hapo wote wawili wakafa, mmoja akimfuata mwenzake.

Yule wa kijivu alipasuliwa ijulikane kilichomuua, akakutwa na minyoo tumboni. Alipozikwa, mkuu wa kijiji alidai doti mbili za kitambaa cha merikani, kwa kuwa mnyama amefukiwa katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba atamfukua na kumwacha hapo hapo juu. Mzee akaliacha dai lake.

Nilipokuwa kijana nilikisoma kisa hiki nikiwa upande wa mpandaji. Nami nilikuwa mpandaji: punda wa babu, bila tandiko, ufukweni Kaole maji yakiwa yamekupwa. Sasa nyonga hazikubali. Punda ninao bado, lakini kazi yangu ni kuwanywesha, kuwatoa kupe, kusafisha kwato na kutibu vidonda vya mgongoni vinavyotokana na kuchubuliwa na shogi la mizigo. Tangu niliposhuka, kila ninaposoma habari za misafara ya zamani namtafuta msaisi kwanza, mtu aliyeamka kabla ya bwana wake kumtazama mnyama macho, pua na kinyesi.

Unguja kupanda kulikuwa heshima. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, anaeleza jinsi yeye na ndugu zake walivyofundishwa kupanda tangu wadogo. Wavulana wakapewa farasi, wasichana punda weupe wa Maskati. Kisiwani mnyama aliweza kutunzwa akaishi. Bara ilikuwa habari nyingine. Katikati ya miaka ya 1890, huko Zululand, daktari David Bruce alithibitisha kwamba mbung'o hueneza vijidudu vinavyoishi ndani ya damu ya mnyama na kumdhoofisha mpaka afe. Hapakuwa na uhodari wa kupanda ambao ungelishinda jambo hilo. Ndiyo sababu pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi, na nguo na shanga zikapanda bara kwa njia hiyo hiyo. Kifo cha farasi kilikuwa mzigo wa mpagazi.

Kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu hapa Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, kuna mbuyu uliomeza mnyororo. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier aliufunga pale mwaka 1895 ili amfungie punda wake. Wageni hupiga picha kipande cha chuma kinachochungulia nje ya gome na kuondoka. Mimi huwasimamisha kidogo niwaulize maswali ya mtunzaji: kamba ilikuwa na urefu gani, kivuli kilihamia wapi alasiri, ndoo ya maji iliwekwa upande gani? Pale pale misheni pana makumbusho. Natamani humo liwekwe shogi moja kuukuu, pamoja na hatamu na mundu wa kukatia majani, na maelezo ya kazi ya msaisi kuanzia alfajiri hadi usiku.