Matuta ya Engaruka na Bustani ya Nyumbani

Msafiri atokaye Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron huwa na ukuta mrefu wa Bonde la Ufa upande wake wa kushoto. Nchi ile ni kavu, mvua zake ni haba, na upepo hutimua vumbi karibu mwaka mzima. Lakini afikapo Engaruka, katika Mkoa wa Arusha, hukutana na jambo la kustaajabisha. Chini ya genge, mawe yamepangwa kwa mkono wa binadamu, mstari baada ya mstari, yakigawa ardhi katika vishamba visivyo na idadi. Haya ni masalio ya mashamba ya kale, nayo yameenea kiasi cha hekta 2,000.

Mzungu wa kwanza kuandika habari zake alikuwa G. A. Fischer, aliyepita hapo mwaka 1883. Hans Reck alifuata mwaka 1913, na Louis Leakey mwaka 1935. Leakey alikisia kuwa wakazi walizidi 30,000, ingawa wataalamu waliomfuata wanaona kuwa walikuwa wachache zaidi ya hapo. Katika zama hizo za ukoloni walikuwapo waandishi walioshindwa kuamini kwamba Mwafrika angeweza kupanga kazi kubwa namna hiyo. Kazi za mawe za Afrika Mashariki wakazihesabu kuwa urithi wa taifa fulani geni lililotoweka, na wengine wakalitungia hata jina, wakaliita ustaarabu wa Azania.

Baada ya uhuru, Hamo Sassoon alifukua mahali hapo mwaka 1964 na tena mwaka 1966. John Sutton na wengine wakaendeleza uchunguzi. Kilichotoka ardhini hakikuwa hazina ya wafalme wageni. Vilitoka vigae vya vyungu, vyombo vya chuma, shanga, na punje za mtama zilizoungua. Kwa ufupi, vilikuwa vitu vya wakulima. Waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, katika vijiji vilivyojengwa juu ya mteremko. Kila nyumba ilikaa juu ya ukumbi uliochongwa kilimani na kutegemezwa kwa mawe. Mashamba yalikuwa chini, mahali maji yalipoweza kufika. Ndugu zetu Wasonjo, waishio kaskazini ya hapo, wangali wakilima kwa mifereji hata leo, na wataalamu wengi wamewataja wanapowatafuta jamaa wa watu wa Engaruka.

Sasa tujiulize: watu hao waliwezaje kupata chakula katika nchi kavu kama ile? Jibu limo katika maji. Vijito hushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, huvuka genge, kisha hupotea katika tambarare. Wakulima wale waliyapokea maji palepale yatokapo gengeni, wakayaongoza kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, na kuyagawa kidogo kidogo mpaka yakafikia kila kishamba. Mashamba waliyasawazisha kwa matuta ya ngazi, ili maji yasikimbie bali yatulie na kunywewa na ardhi.

Tena liko jambo jingine, ambalo uchunguzi wa Daryl Stump umelidhihirisha katika karne hii ya 21. Mahali pengine wakulima hao hawakukuta udongo wa kutosha, waliutengeneza. Walijenga kingo za mawe, wakaelekeza humo maji ya mto yaliyobeba tope. Maji yalipopunguza mwendo, tope lilizama na kubaki. Haba na haba hujaza kibaba: mvua baada ya mvua, shamba likazaliwa mahali palipokuwa na changarawe.

Mimi nimelifahamu somo hili kwa hasara. Nyumba niliyopewa kazini miaka ya nyuma ilikuwa kwenye mteremko. Nililima bustani ya mchicha kwa kufuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa jembe. Mvua ya usiku mmoja ilichukua mbegu, mbolea na udongo wenyewe, ikavitupa barabarani. Nililaumu mvua. Nilipokuja kusimama mbele ya kingo za Engaruka ndipo nilipotambua kuwa kosa lilikuwa langu.

Mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuanza na eneo dogo tu. Kwanza, wakati wa mvua, watazame maji yanapita wapi. Kisha wapange mawe kwa kuukata mteremko, kila mstari ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Usawa huo wataupata kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kama wafanyavyo waashi. Mawe makubwa yakae chini, yazame kidogo ardhini. Madogo yazibe mianya. Mwisho mmoja uachwe mlango wa maji yaliyozidi, maana ukuta usio na mlango huvunjwa na mafuriko. Nyuma ya ukuta watie udongo, samadi, majivu na maganda ya jikoni. Hapo mchicha, bamia, kunde na nyanya vitapata makao, na hata maji ya kuoshea mboga yatakuwa na kazi.

Engaruka ilihamwa. Wataalamu wametaja kupungua kwa maji na kuchoka kwa ardhi miongoni mwa sababu zake, nalo pia ni fundisho: bustani huishi maadamu chemchemi na misitu iliyo juu yake ingali hai. Leo wanakijiji wa Engaruka wanalima tena kwa maji ya mto uleule. Magofu yenyewe hayana ukuta wa kuyalinda. Jiwe liondolewalo katika mstari wake halirudi, na pamoja nalo hutoweka ushahidi wa akili ya wazee wetu.

Mwacha asili ni mtumwa. Tukawaoneshe vijana matuta yale; kisha turudi nao nyumbani, tuyajenge nyuma ya jikoni.