Kulegea, kufunguka, kutitia: nani alilegeza?

Kiswahili hakina neno moja la kitu kisichobana. Suruali inapwaya. Jino linacheza. Nati imelegea. Mshono umefumuka. Mpini wa jembe umechomoka. Fundara ya kamba imefunguka. Mgeni anayejifunza lugha hii hulalamika kwamba tunampa maneno sita pale alipotarajia moja, lakini sisi wenyewe hatukosei. Hakuna mtu atakayesema jino linapwaya, wala suruali inacheza, labda awe anatania.

Ukiyapanga maneno haya utaona yamegawanyika katika makundi mawili. La kwanza ni la vitenzi ambavyo wanasarufi huviita vya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, fuma na fumua, chomeka na chomoa. Hapa kulikuwa na mkono uliofunga, na sasa kazi yake imerudishwa nyuma. Kundi la pili linaongozwa na legea. Kukaza hakuna kukazua. Kinyume chake tunakitafuta kwingine kabisa, kwenye kulegea na kulegeza. Fundo hufunguka kwa mara moja. Nati hulegea polepole, siku hadi siku, mpaka gurudumu linaanza kuyumba barabarani.

Sasa tazama viambishi vya mwisho, maana habari nzima iko huko. Mlango umefunguliwa: kuna mtu aliyefungua. Mlango umefunguka: mtu hayumo. Kamba imelegezwa, kamba imelegea, ni vivyo hivyo. Herufi mbili tatu tu, na mtenda ameingia kwenye sentensi au ametolewa nje.

Kwa mshona nguo jambo hili ni dogo. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, ni jambo la uhai.

Wachimbaji wadogo wa huko huteremka katika maduara, mashimo yanayoingia chini kwa kamba na ngazi. Kuta za duara hushikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa na kukazwa ili udongo usirudi ulikotoka. Lugha ya kazi hii imejaa mikono: kuna anayefunga kamba, kuna anayekaza matimba, kuna anayevuta mzigo juu. Lakini duara likianguka, lugha hubadilika ghafla. Udongo ulikatika. Mwamba ulimeguka. Ardhi ilititia. Kifusi kiliporomoka. Mikono yote imetoweka.

Tarehe 5 Oktoba 2015 machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, yalititia na kuwafukia watu. Ilipofika tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye, watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa maji machafu, vyura na wadudu kama mende. Mwenzao wa sita alifia humo humo. Januari 2017, katika mgodi wa RZ Union mkoani Geita, watu 15 walifukiwa na wote wakatolewa salama baada ya siku chache. Habari hizo mbili tulizipokea kwa vitenzi hivyo hivyo: kutitia, kukatika, kuporomoka.

Siyo kwamba vitenzi hivyo ni vya uongo. Mvua ikinyesha wiki nzima udongo hulegea kweli, na hakuna wa kumshitaki. Ila mara nyingi kabla ya kumeguka kulikuwa na kukaza ambako hakukufanyika: gogo lililopaswa kuongezwa, ukaguzi uliopaswa kurudiwa, onyo lililopaswa kusikilizwa. Kiswahili kina neno la ulegevu wa binadamu, nalo ni uzembe. Ajabu ni kwamba uzembe huja baadaye, kwenye tume na hotuba, wakati sentensi ya kwanza, ile inayobaki vichwani mwetu, imeshasema ardhi ilititia yenyewe.

Linganisha na lugha ya serikali kuhusu dhahabu hiyo hiyo. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Miaka ya 1970 dhahabu ilijulikana Bulyanhulu, na wachimbaji wadogo wakamiminika. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaanza zama ya kulegeza masharti: masharti ya biashara yakalegezwa, soko likawa huria. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa kumpisha mwekezaji. Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Madini iliyowafungulia wawekezaji milango. Hapa hakuna kilichofunguka wala kulegea chenyewe. Kulegeza, kufungulia, kuondoa: kila kitenzi kina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa cheo chake.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2017, katika sakata la makinikia, Serikali ya Rais Magufuli ilizuia mchanga wa madini usisafirishwe nje, na Bunge likapitisha sheria mpya za rasilimali. Ikawa zama ya kukaza na kubana. Na hapo mtaani likashika neno ambalo nadhani ni la kisanii kuliko mashairi mengi ya miaka ile: vyuma vimekaza. Maana yake hela hakuna, maisha magumu. Angalia lilivyoundwa. Hakuna aliyesema nani kavikaza. Vyuma vimekaza tu, kama nati iliyoota kutu. Msemaji kamficha mtenda kwa makusudi, na kila msikilizaji anamjua.

Kwa hiyo kumwondoa mtenda kuna sura mbili. Mnyonge humficha mtenda ili aseme bila kujiponza. Mwenye dhamana humficha ili asiulizwe. Sarufi ni ile ile, na haiwezi kutuambia ni sura ipi iliyo mbele yetu. Hiyo ni kazi ya msomaji.

Siku hizi magazeti yametupa matumizi mengine: fulani afunguka, yaani kasema yaliyomo moyoni bila kuzungusha. Nalipenda neno hili, maana ni kufunguka ambako mwenyewe yupo, ana jina na ana sauti. Waliotoka Nyangarata walifunguka, wakaeleza walivyokula na walivyosubiri gizani. Wasiotoka hawana wa kuwafungukia. Basi tutakaposoma tena kwamba duara limetitia, tukirudishe kitenzi kwenye umbo lake la kutendwa na tuulize: kama matimba yalilegea, nani aliyapaswa kuyakaza?